Gurudumu la Kushoto

Bukuru alisema tela linaimba.
Tangu Kazuramimba, alisema, linaimba,
akaongeza sauti ya redio.

Nimeliinua kwa jeki hapa Kibirizi,
tofali mbili zimebana gurudumu la kulia,
mashua juu yake imejifunika turubai
kama mgonjwa asiyetaka wageni.
Nalizungusha kwa kiganja. Natega sikio.
Haliimbi, Bukuru.
Linatafuna wali wenye mawe.

Kifuniko kwanza. Kigonge taratibu, huku na huku,
kama unamwamsha mtu anayekudai.
Kisha pini, inyooshe mkia, ivute.
Nati. Washa.
Hapu inaniangukia mikononi, nzito kama mtoto aliyelala,
na ndani, palipotakiwa grisi,
kuna chai ya maziwa,
na maziwa yenyewe ni ziwa.

Nakwambia tena, ingawa umekwisha kata simu:
hapu iliyotoka safari ni moto.
Ukiishusha majini papo hapo
hewa ya ndani inasinyaa, inavuta pumzi,
na sili iliyochoka haina mdomo wa kukataa.
Tanganyika huingia. Halibishi hodi.
Unasema ziwa letu ni tamu, halina chumvi.
Tamu, ndiyo. Kutu haiulizi chumvi.
Kaa chini. Kula mgebuka wako, umalize na miiba.
Igusie hapu mgongo wa mkono;
ikipoa kama shavu, shusha.

Mimi nilimfukuza Ruchaki kabla sijapoa.
Kwa ajili ya pini moja, aliyoirudishia ya zamani.
Sasa yuko Mpanda, wanasema, anafunga pikipiki.

Basi. Kazi.

Namba naisoma kwa tochi, naiandika kwenye mkono,
napanda Mwanga kwa Hamduni.
Ya kwanza aliyonipa: boksi zuri, chuma kibaya.
Nikamrudishia bila kusema.
Akainama chini ya kaunta akatoa nyingine,
imefungwa karatasi ya mafuta,
naye bila kusema.

Kikombe cha zamani natoa kwa patasi ya shaba,
pigo huku, pigo kule, kisitoke kimeinama.
Kipya nakiingiza, na cha zamani nakiweka juu yake
ndipo nyundo.
Kinachostaafu ndicho kinachopokea kipigo.

Grisi sasa. Chota, jaza kiganja,
beringi iburute ukingoni mwa kiganja, ikandamize,
tena, tena, mpaka grisi itokeze juu
vijitone vijitone, kama jasho la pua.
Usipake. Anayepaka anajidanganya.
Sili mpya, mdomo wake umeelekea ndani.
Kaza nati huku unazungusha,
kisha ilegeze, kisha kwa vidole tu.
Isibane, isicheze.
Hapo hakuna kipimo, kuna vidole,
na vidole hivi vilichukua miaka kumi na moja.
Pini mpya. Mpya, Ruchaki.

Nimesema Ruchaki. Hapa nipo peke yangu na turubai.

Si peke yangu. Mtoto wa Nyanzobe amesimama pale kwenye nyavu,
amekuja na kigari chake cha miti,
macho yake kwenye kopo langu la dizeli.
Anaomba gololi.
Hizi si gololi, namwambia, ni vigogo vya chuma,
upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba,
tena vimelika, tazama vishimo.
Anaomba hivyohivyo.

Nampa saba. Anapangusa kimoja kwa shati,
anakisukuma kwenye sakafu ya saruji kiende mbali.
Hakiendi mbali.
Kinapinda, kinafuata njia yake,
kinapita mguu wa jeki, kinapita chupa ya maji,
kinazunguka
na kuja kusimama gotini kwangu.

Anacheka, anakifuata.
Mimi nafuta mkono mmoja, ule wenye namba,
natafuta simu.